Mafuta Yangu, Mashudu ya Wifi

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulianza kununua alizeti pamoja kijijini Sigino msimu ambao mavuno yalikuwa mazuri. Tulipeleka magunia kwenye mashine ya kukamulia hapa Babati mjini. Mimi nilichukua mafuta nikauze sokoni. Yeye alichukua mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, mengine ya ng'ombe wake, mengine ya kuwauzia majirani zake wa Nangara.

Ugumu ulikuja kwenye kugawana gharama. Mbegu ni zilezile, mashine ni ileile, na huwezi kukamua mafuta usipate mashudu. Kwa kuwa nilisomea uhasibu chuoni, nilijifanya mjuzi. Nikapima kila kitu kwenye mizani, nikagawa kwa kilo. Mashudu yalikuwa mazito kuliko mafuta, hivyo sehemu kubwa ikamwangukia wifi.

Aliisoma karatasi, akalipa, akaondoka. Wiki mbili hakunipigia simu.

"Umemfanyia nini dada yangu?" mume wangu aliniuliza.

"Hesabu iko sahihi," nikasema.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Nangara. Nilimkuta wifi akichanganya mashudu na pumba kwenye karai.

"Karibu, wifi," alisema, mikono ikiendelea na kazi.

"Umenikasirikia."

"Si nimelipa?" Akanyoosha mgongo. "Ila niambie kitu. Nikiyauza mashudu yote, nitapata hela ya kununua ndoo ngapi za mafuta yako?"

Nikapiga hesabu kichwani. Ndoo chache mno. Kumbe nilikuwa nimemtoza zaidi ya thamani ya mzigo wenyewe, na yeye alikuwa amelipa ili tu asigombane na mke wa kaka yake. Nilitamani nijifiche nyuma ya ng'ombe.

"Nisamehe, wifi. Lete kalamu."

Tuliketi jikoni kwake tukagawa upya, safari hii kwa bei ambayo kila kitu kingeuzwa kikitoka tu mashineni. Gharama ya kuchuja mafuta na kununua madumu nikaibeba peke yangu, maana ilikuja baada ya kukamua na haikumhusu. Nikamrudishia alichozidisha.

Alizihesabu noti, akacheka. "Chuo walikufundisha, ila walisahau kukwambia mashudu hayaliwi na watu."

Tukanywa chai ya maziwa mazito. Nilipoaga, alinifungia chupa nzima ya mtindi nimpelekee kaka yake, na tukapanga Jumanne twende tena Sigino.