Ami Hakamatwi

Siku kocha wetu Muaustralia alipotuaga, nilikwenda uwanjani Azaiba, hapa Maskati, nikiwa nimejifukiza udi. Nilikuwa na hakika kwamba ile filimbi yake angenivika mimi. Nilikuwa nahodha wa timu kwa miaka saba, mfungaji bora wa mazoezini kwa miaka saba, na mfukoni nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili, pamoja na aya moja ya Kiarabu ya kumalizia. Kocha akatushukuru, akavua filimbi, akampa mwanamke.

Mwanamke mwenyewe alikuwa Mkenya, mwalimu wa michezo katika skuli moja ya kimataifa. Walimu wenzake Waaustralia ndio waliomfundisha mchezo, na kwa muda wa mwezi mzima tulikuwa tukimwona pembeni ya uwanja na daftari lake. Mimi nilidhani anasahihisha kazi za wanafunzi. Nilimpigia makofi kuliko wote ili watu waone roho yangu ilivyo safi, nayo haikuwa safi hata kidogo.

Timu yenyewe ilikuwa imeshachoka. Ilianzishwa na Waaustralia waliokuja kufanya kazi kwenye mafuta na maskulini, na wakati huo walikuwa wengi hata wakigombea namba. Mikataba ikaisha mmoja mmoja, wakarudi kwao, na nafasi zao tukazijaza sisi: Waomani wa majumba yanayosema Kiswahili, ambao tulikwenda siku moja kutazama tukabakia, na Wakenya wawili, mpishi wa hoteli na mlinzi aliyekuwa akija kwa basi kutoka Ruwi. Kocha mpya alipoingia tulikuwa watu kumi na watatu tu, na mechi ya mwisho tuliyoshinda tulikuwa tukibishana ilikuwa mwaka gani.

Kwa asiyeujua mpira huu wa Kiaustralia, si mgumu. Mpira una umbo la papai. Unaupiga teke upite katikati ya nguzo mbili ndefu, na nguzo zetu zilikuwa mabomba tuliyoyanunua Hamriya. Kumpa mwenzio kwa mkono huruhusiwi kuurusha, sharti uupige ngumi. Na mwenye mpira anaweza kukamatwa na kuangushwa chini. Akikamatwa, autoe hapo hapo. Akiung'ang'ania, filimbi inapigwa na mpira wanapewa wapinzani.

Mimi kwenye mazoezi nilikuwa sishikiki. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na kitambi cha heshima, lakini nikiuchukua mpira katikati ya uwanja nilikuwa nawapita wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye mabomba. Wengine walikuwa wakijikwaa wenyewe. Kwenye mechi mambo yalikuwa tofauti kidogo. Wageni kutoka Dubai walikuwa wakinilaza kabla sijapiga hatua tatu, na kila mara nilikuwa na sababu yangu: jua lilikuwa machoni, refa alikuwa kipofu, viatu vilikuwa vipya. Viatu vile vilibaki vipya kwa misimu minne.

Wiki ya pili kocha akaniita pembeni baada ya mazoezi.

"Mzee," akaniambia, "tangu nianze kuwaangalia, umekamatwa mara ngapi?"

Hilo la mzee liliniingia kama mwiba, lakini nikalimeza. "Hawaniwezi," nikamjibu.

"Ati hawakuwezi?" Akafungua daftari. "Mazoezi kumi na moja. Umekamatwa mara sufuri. Huyu mpwa wako alikuwa mbele yako, amesimama vizuri, halafu akakupisha. Shemeji yako akafunga kamba ya kiatu. Kiatu chake hakina kamba."

Nikalichungulia daftari: mbele ya jina langu zimepangwa sufuri kumi na moja.

"Mechi ya Dubai ni baada ya wiki tatu," akasema. "Nachagua tisa wa kuanza. Mtu ambaye sijaona akikamatwa na kutoa mpira, siwezi kumweka. Sijui kama anajua."

"Unaniacha mimi? Nahodha?"

"Sijakuacha. Tafuta mtu akukamate."

Nilirudi nyumbani nikiendesha gari vibaya. Nilijiambia kwamba mwanamke yule ana chuki. Baadaye nilianza kuwapitisha wachezaji kichwani, mmoja mmoja, na kila niliyempitisha nilizidi kukosa raha. Wapwa zangu wawili, watoto wa dada yangu. Mdogo wa mke wangu. Karani wa ofisini kwangu, ambaye ruhusa zake za likizo natia saini mimi. Majirani wawili ambao baba zao nilisoma nao. Wote wananiita ami, hata wapwa ambao kwao mimi ni mjomba, hata wasiokuwa na udugu nami, na katika majumba yetu ami haangushwi kwenye vumbi. Anapishwa mlangoni, anapishwa kwenye sahani ya wali, na kumbe alikuwa akipishwa na uwanjani pia.

Basi nikaanza kuomba kukamatwa. Nadhani Maskati nzima hakuna mwanamume mwengine aliyepata kufanya kazi hiyo.

Nilianza na mpwa wangu mkubwa. Nikamwambia Jumapili aniangushe kwa nguvu zake zote.

"Ami, nnakuheshimu," akasema.

"Ndiyo hiyo heshima yenyewe nnayotaka uiache."

"Mama atanichinja, wallahi."

Sijafika hata nyumbani, dada yangu akanipigia simu. "Nimesikia unawataka wanangu wakupige mieleka. Umepungukiwa nini wewe? Kuna mtu kakufanyia kitu ofisini?" Nikamweleza. Akasema, "Basi ngoja nije nikuangushe mie. Mie dada yako mkubwa, mie naruhusiwa." Na angekuja, namjua.

Nikamgeukia mlinzi wa Ruwi, mtu wa miraba minne ambaye hakuwa na udugu nami wa namna yoyote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Boss, na mfupa ukivunjika? Wewe ni mtu wa serikali. Mimi nikienda kuhuisha kibali changu cha kukaa, nitasema nilikuwa nacheza? Khalas, mimi nitakaba mwingine." Alikuwa na haki, na mpishi naye akanijibu hivyo hivyo.

Akabaki mtu mmoja. Alikuwa mhandisi wa miaka kama thelathini, na ndiye aliyekuwa mkamataji hodari kuliko wote, hata wale wa Dubai walikuwa wakimwogopa. Tatizo lake ni kwamba miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amewatuma wazee wake nyumbani kwangu kumposa binti yangu, mfamasia. Tuliwaambia tutafikiri. Binti yangu alifikiri kwa dakika moja akasema anamtaka, na mama yake akamaliza kufikiri siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa bado nafikiri. Hakuwa na kasoro yoyote niliyoiona. Nitasema ukweli: alikuwa akinibebea begi mpaka kwenye gari, akinifungulia mlango, na nilijua kwamba nikishasema ndiyo, mambo hayo yatapungua.

"Jumanne unikamate," nikamwambia. "Uniangushe chini, uso kwenye vumbi."

Akabadilika rangi. "Nimekosa nini, ami?"

"Hujakosa. Nnakuomba."

Alikwenda kwa mama yake. Mama yake akampigia simu mke wangu, na mke wangu akanijia sebuleni na simu mkononi, ameifunika kwa kiganja.

"Mamaake anauliza," akasema. "Akikuangusha, ndiyo umekubali au ndiyo umekataa?"

"Mwambie aniangushe tu."

"Hilo si jawabu. Mtoto wa watu hali, halali. Anasema ukiwa unamjaribu, basi haelewi jawabu sahihi ni lipi."

"Simjaribu! Mie nataka namba yangu kwenye timu!"

Mke wangu alinitazama namna anayonitazama ninapovaa soksi mbili tofauti. Kisha akairudisha simu sikioni, na mbele yangu, bila ya kunitaka shauri, akasema, "Sisi tumekubali, mwenzangu. Njooni Alkhamisi. Hayo mengine ya mpira watakamatana wenyewe." Akakata simu, akarudi jikoni. Binti yangu akapiga vigelegele huko ndani, akacheka, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua kwamba nimeshafikiri.

Jumanne ikafika. Kocha akatugawa pande mbili, akaniweka mbele kama kawaida. Nikaupokea mpira, nikageuka, nikaanza mbio zangu. Mpwa wangu mdogo akasogea pembeni kwa adabu. Shemeji akajitia kuumwa mgongo. Nikawa nimeshayaona mabomba pale kitu kiliponigonga ubavuni, ardhi ikanijia usoni, na juu yangu sauti ya mhandisi ikawa inasema, "Samahani ami, samahani sana, samahani."

Nikaukumbatia mpira kwa mikono miwili. Nilijua namna moja tu ya kushika kitu cha thamani. Filimbi ikalia. Nikainua kichwa kuangalia nani amekosea.

"Wewe," kocha akasema. "Umeng'ang'ania mpira. Mpira ni wao."

"Kaniangusha!"

"Ndiyo kazi yake. Kazi yako ilikuwa kuutoa. Miaka saba, mzee, na leo ndio somo la kwanza."

Nikasimama, nikapangusa vumbi. Watu wote walikuwa wamesimama wakisubiri nini kitatokea. Ubavu uliuma, lakini lililouma zaidi lilikuwa jengine. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Miaka yote ile nilidhani nacheza nao. Magoli yangu yote, hata yale niliyokuwa nikimsimulia mke wangu mpaka chai ikapoa, yalikuwa zawadi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kucheza na mimi, na timu ilikuwa ikifa huku wao wakijifunza kukwepa badala ya kukamata.

"Tena," nikasema.

Akanikamata tena. Nikang'ang'ania tena. Mara ya tatu nikautoa kwa ngumi, ukaenda nje. Wale wengine walipoona ami anaangushwa na hafi, wala hakasiriki, sijui niseme kitu gani kiliwaingia. Shemeji yangu mgongo ukapona. Karani akanivamia kwa furaha ya mtu aliyenyimwa likizo mbili. Mpwa wangu mkubwa aliniangusha mara tatu, na mara ya tatu sikuwa hata na mpira. Mlinzi wa Ruwi akauliza kwa upole, "Boss, kwa hivyo imekuwa halali?" Nikasema halali, na nikajuta hapo hapo. Kocha alikuwa amekunja mikono, na ile siku ndiyo niliyomwona akicheka mpaka akaegemea bomba.

Alkhamisi wageni walipokuja kwa ajili ya posa, niliwapokea nikichechemea. Mama wa mhandisi alinitazama mguu, akamtazama mwanawe, akajiziba mdomo kwa mtandio.

Kwa wiki mbili zilizofuata nilikamatwa kuliko mtu yeyote katika timu ile. Nilijifunza kuupeleka mkono kabla ya kuanguka, nilijifunza kuwasikia wanaokuja nyuma, na siku za mwisho nilikuwa nautoa mpira vizuri mara mbili katika tatu. Na wao walikuwa wamebadilika. Walikuwa wakikamatana kwa hamu, wakiinuana, wakicheka, na mazoezi yakawa yanamalizika watu wakiwa wamechafuka kweli.

Siku moja kabla ya mechi kocha akasoma majina ya tisa. Langu halikuwamo. Nafasi yangu ya mbele ilikwenda kwa mhandisi. "Mzee ni wa akiba," akasema. "Ameimarika sana. Mwezi mmoja zaidi, tutaona." Nilimshukuru, nikaenda kukaa garini, na iliniuma. Iliniuma vibaya sana.

Ijumaa baada ya alasiri, wageni wa Dubai wakiwa wameshaanza kunyoosha misuli upande wa pili, mkwe wangu mtarajiwa akanifuata nyuma ya gari. Jezi alikuwa ameivua, ameikunja mkononi.

"Ami," akasema, "huu mguu naona umeteguka. Chukua wewe. Mie ntamwambia kocha."

"Upi?"

Akaonesha wa kushoto. Kisha akafikiri, akaonesha wa kulia.

Ningesema nilikataa hapo hapo, lakini ningekuwa nadanganya. Niliipokea jezi. Niliikunjua, nikaipima kifuani, ilinitosha. Kocha alikuwa mbali, anaongea na refa. Hakuna ambaye angejua. Mke wangu alikuwa amekuja kutazama kwa mara ya kwanza, amekaa na dada yangu chini ya mwavuli, na niliwaona wote wawili wakinitafuta kwa macho. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyopata kutaka kitu kwa miaka mingi.

Nikamtazama usoni. Alikuwa amesogea upande mmoja, mabega ameyakunja, kama anavyosogea mlangoni. Alikuwa ananipisha.

Nikamrushia jezi kifuani. "Vaa. Na ukinipisha tena, ntakuvunja mguu kweli, wa kushoto au wa kulia utachagua mwenyewe."

Akaivaa akikimbia. Mimi nikafunga viatu, nikaenda kukaa kwenye benchi la akiba, pembeni ya kocha, na nilikuwa na hasira. Ilikuwa hasira ya haki. Nafasi ile nilikuwa nimeigombania kweli, hakuna aliyenipisha, na nikashindwa.

"Mzee," kocha akasema bila ya kugeuka, "uko tayari nikikuhitaji?"

"Niko tayari," nikamwambia. "Nitie nikakamatwe."