Mguu wa Bibi Keji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka usingizi unanikimbia mpaka leo, na si kwa uzee. Ni kwa hasira. Nilikuwa nimesimama katikati ya wodi ya hospitali kule Kuluva, msichana wa miaka ishirini na mbili, wagonjwa wote wamenikazia macho, na bibi mmoja aliyefungwa bendeji nusu ya uso ananiambia, "Tembea."

Nitakueleza nilifikaje pale. Umekuja kuniomba baraka uingie kwenye filamu za kutisha, na hujakosea mlango. Kabla watu wa mtaa wetu huu wa Oli hawajaanza kuniita Mama Halima, waliniita Jini. Watoto walikuwa wakiniona natoka dukani wanakimbia huku wanacheka. Kwa hiyo sikiliza mpaka mwisho, ndipo uniombe.

Wakati ule hapa Arua tulitengeneza filamu kwa kamera ya harusi. Mwenye kamera alikuwa kijana aliyeitwa Taban, mwenye maneno mengi na viatu vizuri. Jumamosi alipiga picha za maharusi, Jumapili alipiga picha za mashetani. Damu tuliipika wenyewe: karkade, yale maua mekundu ya kutengenezea kinywaji, iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, tukakorogea unga wa muhogo ishike. Ilikuwa tamu, na nzi walitusumbua kuliko kitu chochote. Matumbo ya mbuzi tuliyaomba machinjioni. Uso wangu ulipakwa majivu, nywele zikavutwa juu kwa sabuni. Mama yangu, Mnubi wa kizamani aliyekuwa na aibu ya kila kitu, aliponiona mara ya kwanza alishika kichwa. "Tumbo yangu imezaa shetani?" Lakini filamu ilipoonyeshwa, alikuja. Alikaa nyuma kabisa, kajifunika tobe mpaka machoni, na nilipopiga ukelele alipiga ukelele yeye pia.

Nilikuwa na sauti, mwanangu. Sijisifu. Niliweza kuanza chini kama mtu anayelia msibani na kupanda mpaka mbwa wa mtaa waitike. Filamu tano nilicheza kwa sauti ile: mke aliyezikwa na kurudi, jini wa kisimani, nyingine nimezisahau. Nilipenda kazi ile na bado naipenda. Kwa hiyo usidhani nitakukataza kwa sababu ya dini au ya majirani. Hasira yangu haiko huko.

Filamu ya sita ilikuwa ya mchawi. Taban aliamua tuipigie Midia, Koboko, karibu na mpaka, kwa sababu mjomba wake alikuwa na shamba huko. Jirani wa mjomba alikuwa mjane wa Kikakwa, Bibi Keji, aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya nyasi pembeni ya shamba la mihogo. Alitupa ua wake tupigie picha. Alitupa maji. Alituchemshia karanga na akakaa nasi akituuliza habari za Arua, kama mtu aliyekuwa na kiu ya kuongea. Mimi aliniita binti yake.

Bibi Keji alikuwa na mguu mmoja uliovunjika zamani na kuungwa vibaya. Kidole gumba kilitazama nje. Akitaka kutembea aliinua nyonga kwanza, akauzungusha mguu, akautua, kisha akauburuta kidogo, na mkono mmoja ukishika kiuno. Nilimtazama siku mbili. Nilimtazama akienda jikoni, akitoka jikoni, akiinama kuokota kuni. Yeye alidhani namtazama kwa mapenzi. Siku ya tatu nikamwomba shuka yake ya kahawia, ile aliyojitanda kila siku.

"Unataka nguo ya muzee?" akacheka. "Chukua, binti. Lakini iko na moshi."

Akaenda shambani. Mimi nikajitanda shuka yake, nikainua nyonga, nikazungusha mguu, nikautua, nikauburuta. Taban aliruka nyuma ya kamera. "Hapo! Hapo hapo! Usibadilishe kitu!" Wenzangu wakapiga makofi. Nami nikaona nimekuwa mwigizaji wa kweli, maana hapo kabla nilikuwa na ukelele tu, na sasa nilikuwa na mwili mzima wa mtu.

Mwili wa mtu mwingine. Na usinitazame hivyo, maana juzi wewe na wenzako mlinionyesha kwenye simu kile kipande mlichorekodi, na mkacheka mpaka mkaanguka kwenye mkeka. Yule shetani wenu anajikuna shingo, anaongea peke yake, anaokota vifuniko vya chupa. Mlidhani sitamjua? Ni yule mama aliyekuja kutoka Sudan Kusini, anayeuza samaki wakavu sokoni siku akili ikiwa imetulia, na siku nyingine akizunguka. Hata kitambaa chake cha kichwa mmekitafuta kinachofanana. Sikusema neno siku ile kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitawatukana. Leo nasema.

Filamu ya mchawi ilikwenda Koboko. Nawe hukuzikuta zile nyumba za video za wakati ule, kwa hiyo nikuelezee: watu wamebanana kwenye mabenchi, televisheni imewekwa juu ya meza, na pembeni anakaa mfasiri na maikrofoni yake, anawaeleza watu kinachosemwa na kutia chumvi ya kwake. Mfasiri wa Koboko alikuwa mtu wa kule kule. Mchawi alipotokea akiburuta mguu, akapiga kelele kwenye maikrofoni: "Huyu si munamujua? Huyu iko Midia! Huyu ni Keji!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kesho yake akarudia, kwa kuwa jana walicheka. Keshokutwa akarudia tena.

Wiki hiyo hiyo mtoto mmoja wa Midia akashikwa na homa, akafa. Homa kama homa zote. Lakini watu walikuwa wamekwisha kumwona mchawi kwa macho yao, na walijua nyumba yake. Walikwenda mchana, mwanangu, jua likiwaka, watu aliowazalisha wake zao. Walichoma nyumba ya nyasi. Bibi Keji alipotoka walimpiga mawe. Hakuweza kukimbia, ungekimbiaje na mguu ule? Jiwe moja lilimpata kwenye jicho.

Habari ililetwa na Taban. Alikuja nyumbani Oli anacheka, amevaa shati jipya. "Jini, tumeua! Filamu inachezwa kila siku! Watu wameamini mpaka wamechoma nyumba ya mchawi!"

Sasa sikiliza neno lililotoka kinywani mwangu. Nimeishi miaka mingi nikitamani nililimeze. Nilimuuliza, "Wanasemaje kuhusu nilivyotembea?"

Ndivyo nilivyouliza. Sikuuliza nyumba ya nani. Ni yeye aliyeongeza, akijifuta jasho, kwamba yule bibi amepelekwa Kuluva kwa ajili ya jicho, na kwamba nyumba iliyoungua ingefaa sana kwa sehemu ya pili, twende tukapige picha majivu kabla mvua haijayaosha. Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilichukua mtungi wa maji uliokuwa mlangoni nikammwagia wote, shati jipya na viatu, na nikamwambia asikanyage tena kwetu. Alinishangaa kwa kweli. Alidhani nimepandwa na kitu.

Nilikwenda Kuluva. Njia nzima nilikuwa nikijitengenezea maneno: kwamba si mimi, ni mfasiri, mimi sikumtaja mtu, mimi nilicheza tu. Niliyapanga vizuri, na nilipofika kitandani kwake niliyasema yote bila hata kusalimia sawasawa. Bibi Keji alinisikiliza kwa jicho moja. Binti yake, aliyekuwa amekaa chini pembeni na sahani ya uji, hakuinua uso.

Nilipomaliza, bibi akasema, "Tembea."

"Nini, habuba?" nikamuuliza, kama sisi Wanubi tunavyowaita bibi zetu.

"Tembea vile ulitembea kule. Mimi sikuona. Watu wote wameona, mimi mwenyewe sikuona."

Nikakataa. Nikalia. Akasema tena, "Tembea." Basi nikainua nyonga mbele ya wagonjwa wote, nikazungusha mguu, nikautua, nikauburuta, kutoka kitanda chake mpaka dirishani, na kurudi. Mgonjwa mmoja akacheka, akaacha mwenyewe. Nilitembea vizuri, mwanangu. Hiyo ndiyo laana yake. Nilitembea vizuri kabisa.

"Ndiyo," Bibi Keji akasema. "Ni mimi."

Kisha akanieleza ule mguu. Miaka ile ya vita na kukimbia, sisi watu wa West Nile, huku kwetu, tulipotawanyika kwenda Sudan na Zaire, alikuwa amembeba binti yake huyu mgongoni, akaanguka kwenye korongo karibu na mpaka. Mfupa ukakatika. Aliogopa kulia, kwa sababu askari walikuwa karibu. Alitambaa, akasimama, akaanza kutembea hivyo hivyo, na mfupa ukajiunga njiani jinsi ulivyotaka. "Hii mguu imebeba mutu mpaka Sudan," akasema, akimnyooshea binti yake kidole. "Wewe umevaa siku moja. Ukavua. Mimi nitavua wapi?"

Nikaketi chini, kando ya binti yake.

Akafumba jicho. "Sasa enda uambie wao. Kule kule uliponipeleka."

Nilikwenda Koboko siku ya soko, saa nane mchana, nyumba ya video imejaa. Nilimwomba mfasiri maikrofoni, akanikatalia. Nikasimama mbele ya televisheni na kuwazibia picha. Wakaanza kupiga kelele, mmoja akanirushia ganda la muwa. Nikawaambia jina langu na jina la baba yangu. Nikawaambia mchawi mnayemtazama ni mimi, binti wa Oli, na nikautembea ule mwendo mbele yao, kisha nikasimama wima na kutembea kwa mguu wangu. Nikafanya hivyo mara tatu. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikuogopa hata kidogo. "Jina la habuba mlilitoa wapi?" nikawauliza. "Kwenye filamu limo? Nani amemsikia mchawi akitajwa jina?"

Mfasiri akajaribu utani, "Mchawi ametoka ndani ya TV!" na wachache wakacheka. Lakini mzee mmoja wa benchi la mbele, aliyekuwa na kofia mkononi, alisimama akatoka nje bila kumtazama mtu. Baadaye nikasikia alikuwa mmoja wa waliokwenda na mawe. Wengine wawili wakamfuata. Waliobaki walitaka filamu iendelee, na iliendelea.

Usitarajie nikuambie mambo yalitengenezeka. Wazee wa Midia waliitana, wakakubaliana kumjengea nyumba nyingine, na wakajenga. Bibi Keji hakurudi. Alisema hawezi kulala karibu na watu ambao atakuwa akiwahesabu kichwani mwake nani alishika jiwe. Aliishi kwa binti yake, hapa hapa Arua, mpaka alipofariki. Nilikuwa nikienda kumsuka na kumsomea barua. Tuliongea mengi, tukacheka pia. Kwamba amenisamehe, hakusema hata siku moja, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Taban alipiga sehemu ya pili na msichana mwingine, akamfundisha mwendo ule ule kutoka kwenye kanda. Sijui hata mmoja aliyemkataza.

Mimi nilirudi kuigiza baada ya miaka miwili, kwa watu wengine. Nilicheza mashetani mengi kuliko mwanzo, lakini niliyatoa ndani yangu. Nilikuwa naogopa mabuu tangu utotoni, nikamtengeneza mwanamke ambaye mikono yake inatembea kama mabuu. Nilikuwa na kigugumizi nikikasirika, nikakitia kwenye koo la mzimu. Watu waliogopa zaidi. Hakuna aliyetoka pale akaenda kumtafuta mtu wa kumpiga, kwa sababu mtu mwenyewe hakuwepo.

Hii ndiyo nasaha yangu, na naitoa kwa ukali kwa sababu wewe ni damu yangu. Kutisha watu ni kazi halali. Igize kifo, igize jini, igize ukichaa kama unaujua kutoka ndani yako. Lakini kilema cha mtu, kovu lake, mwendo wake, namna anavyojikuna, hivyo si vyako. Alivipata kwa maumivu ambayo hukumsaidia kuyabeba, na ukimaliza kucheza yeye ataendelea kutembea navyo barabarani, peke yake, mbele ya watu uliowafundisha kumwogopa. Na usijifiche nyuma ya mfasiri, wala nyuma ya mwenye kamera, wala nyuma ya hao mtakaowatupia kipande chenu mtandaoni ambao hamtawaona nyuso. Mimi Koboko niliweza kwenda na kusimama mbele ya benchi. Wewe utasimama mbele ya simu za nani? Kifute leo, nikiona, na umwambie mwenye kamera kwamba nimesema mimi.

Ukifanya hivyo, baraka yangu unayo, yote. Mwenyezi Mungu akupe sauti ya kupasua ukuta. Akuepushe na makofi yanayomlevya mtu asione anakanyaga nini. Akupe sura za kutisha zilizo zako mwenyewe, ili kila jioni ukimaliza kazi unawe uso kwa maji na sabuni, na popote pale asiwepo mtu wa kubaki na uchafu wake. Amina. Haya, leta simu.