Hina Alivyoujibia Mguu wa Mumewe

Hina wa Queensbury ana ulimi mwepesi, na hilo hata yeye mwenyewe halikatai. Alizaliwa Mombasa, akaja London bibi harusi wa miaka ishirini na mmoja, na tangu hapo amepikia watoto wa shule wasiohesabika na kuwagombeza wote bila upendeleo. Mumewe Abdulsamad, baba wa mwana wao Sultan na mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza hali, Hina atakwambia ni mzima. Ukimwandalia chai, Hina atakwambia vijiko vingapi vya sukari. Watu walikwisha zoea, na mwenye kutaka shauri la Abdulsamad humtazama mkewe.

Mguu wa kulia ulimharibikia kidogo kidogo. Miaka mingi nyuma tela la masanduku lilimvunja kifundo, kikapona vibaya. Baadaye kifundo kikalika ndani, unyayo ukapinda kwa nje, mpaka kila kiatu alichonunua kiliisha upande mmoja. Ngazi za nyumbani alizipanda kwa makalio. Daktari wa mifupa, mwanamke mtulivu aitwaye Alka, akawaeleza kwamba dawa ni moja tu: kuunyoosha mguu, kisha kupitisha msumari mrefu wa chuma kutoka kisiginoni hadi kwenye muundi, ili mifupa ya kifundo na ya kisigino iunge iwe kitu kimoja. Kifundo hakitakunjika tena maishani, lakini maumivu yatakwisha. Ila mfupa ni lazima uunge. Usipounga, watafungua tena, na mara ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza.

Kabla ya operesheni nesi alikaa nao na fomu yake. Aliuliza kisukari, akauliza presha, akafika kwenye sigara. Abdulsamad alikuwa ndiyo kwanza anakohoa kusafisha koo.

"Sigara? Huyu?" Hina akamtangulia. "Hajaitia mdomoni tangu azaliwe."

Na kweli hajapata. Nesi akaandika kwamba tumbaku hatumii.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa, Abdulsamad alikikataa chakula cha hospitali, uso umemsawijika. Kesho yake Hina akamletea tambuu kwenye karatasi ya foili: jani, chokaa, katu, popoo, na kipande cha tumbaku kama anavyopenda. Uso ukamchanua. Waliporudi nyumbani ikawa tambuu nne kwa siku, kwa maana mtu aliyekatazwa kukanyaga chini, mguu juu ya mito kutwa kucha, ana starehe gani nyingine? Zote Hina alizikunja kwa mkono wake.

Wiki ya kumi na moja, Jumanne, alikuwa jikoni shuleni akisugua sufuria na Jaswinder, mwenzake wa kutoka Nakuru.

"Mzee anaendelea aje?" Jaswinder akauliza. "Lakini tobacco aliacha, si ndiyo? Brother yangu alifanyiwa hiyo fusion ya kuunga mifupa, wakamwambia hata ya kutafuna hapana. Nicotine inakataza mfupa kushika."

Sufuria ilimponyoka Hina. Akasema ndiyo, ameacha zamani, kisha akaenda msalani akakaa juu ya kifuniko cha choo. Tambuu nne kwa siku! Wiki kumi na moja! Alijaribu kupiga hesabu akashindwa.

Miadi ya picha ya mifupa ilikuwa Alhamisi. Siku mbili hizo alikaa roho juu. Alimwambia mumewe kuwa majani yamekosekana dukani, naye hakuuliza neno, jambo lililomtisha zaidi. Alilitazama lile plasta lililoufunga mguu wa mumewe kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Aliona aibu, aliogopa, na alijikasirikia kwa ule mdomo wake.

Alhamisi, Daktari Alka akaigeuza skrini wakaona. Kisigino kimeunga vizuri. Kwenye kifundo, baina ya mfupa na mfupa, ulikuwepo mstari mweusi.

"Hapa bado," akasema daktari. "Nilitarajia zaidi kufikia sasa. Tutawapa wiki sita nyingine. Pasipobadilika, itabidi nirudi ndani."

Hina akalipuka. Aliyasema yote kwa pumzi moja, foili, tumbaku, nesi na fomu yake, na akamwomba daktari amlaumu yeye, mgonjwa hana kosa, mgonjwa hakujua.

"Nilijua," akasema Abdulsamad.

Hina akamgeukia.

"Wamenipa karatasi wodini. Imeandikwa hapo. Ya kuvuta, ya kutafuna, yote."

"Baba Sultan! Ulijua, na ukala?"

"Ulishamwambia nesi situmii." Hakuwa na hasira, aliinamia mikono yake. "Ningekutoa mwongo mbele ya watu? Halafu ukaja na ile foili umefurahi. Na maumivu nayo yalikuwa makali. Na mimi, Mama Sultan, tangu lini nikajibu baada yako?"

Swali hilo lilimfika Hina moyoni. Lilimchoma kuliko ule mstari mweusi.

Daktari Alka akavuta kiti karibu. Tumbaku ikiachwa leo, alisema, mfupa unayo nafasi, lakini hawezi kuahidi. Kisha akauliza kama itaachwa.

Mdomo wa Hina ulikwisha funguka. Akaufumba. Daktari alimtazama yeye, kwa mazoea tu, naye akatikisa kichwa na kumwonyesha mumewe kwa kidevu.

Abdulsamad alikohoa kusafisha koo. Hina akaubana mkoba wake magotini akangoja, hofu imemjaa, kwa kuwa katika miaka yote ya ndoa yao hakupata kulingojea jibu la mtu huyu, wala hakujua huchukua muda gani.