Nilisema Abebwe Kivulini

Nimechoka na jua la Kakuma, nimechoka na vumbi lake, na zaidi nimechoka na watu wanaoniambia haikuwa kosa langu. Mimi ndiye niliyekuwa refa.

Sisi walimu tulikuwa tunacheza na vijana waliomaliza shule. Golini kwetu alisimama mwalimu mwenzangu wa darasa la sita, mkimbizi kutoka Kongo, mtu wa utani usioisha. Shuti likampiga kifuani, katikati kabisa. Akaudaka mpira, jamani, akacheka, akapiga hatua mbili ili aurushe, akaanguka kifudifudi.

Huku kwetu mtu akianguka uwanjani, jibu tunalo tayari: jua limemzidi. Sikufikiri hata kidogo. "Mbebeni kivulini! Leteni maji!" Wakambeba hadi ukutani pa darasa, wakamvua jezi, wakammwagia madumu mawili ya maji, wakampepea kwa madaftari. Mimi nikawa nafukuza watu apate hewa. Nikajiona nimefanya kazi.

Na nilikuwa nimefundishwa! Mwaka huohuo, Lodwar, kwenye semina ya siku mbili, nilipiga magoti mbele ya sanamu ya plastiki nikabonyeza kifua chake hadi viwiko vikauma. Tuliambiwa wazi: mtu haitiki, hapumui vizuri, anza kubonyeza papo hapo alipoangukia. Nilikumbuka pale tu midomo yake ilipogeuka rangi. Nikabonyeza mpaka gari likafika, lakini wapi! Hospitalini daktari alisema pigo la kifua laweza kuusimamisha moyo hata wa mtu asiye na ugonjwa wowote. Jua halikuhusika.

Siku ya tatu ya matanga nilikwenda kwa mjane wake. Alinipa kiti nje, yeye akakalia dumu.

"Mwalimu, uniambie ukweli. Watu wanasema ulimubonyeza kifua. Kama mungeanza palepale, angepona?"

Wengine wote walikuwa wamemwambia ni mapenzi ya Mungu. Ningeweza kusema hivyohivyo, nikanywa chai, nikaenda zangu. Nilitamani sana.

"Pengine, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema abebwe."

Akanyanyuka, akaingia ndani, nami nikabaki kwenye kile kiti hadi nilipoelewa kwamba hatoki tena.