Utafiti wa Kalamu Tatu

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la steshenari mtaani Ipagala, nasubiri kutoa kopi. Kwenye benchi walikaa wanachuo wawili, mvulana na msichana, wakijaza madodoso ya utafiti wao wa mwaka wa mwisho: uelewa wa wanachuo kuhusu mpox, huu ugonjwa wa virusi unaoleta homa na vipele. Hawakuwa wamemhoji mtu. Walikuwa na kalamu tatu, wakizibadilisha ili miandiko isifanane.

"Hapa kwenye dalili tuseme wanajua?" msichana aliuliza.

"Weka wanajua. Supavaiza hapendi maswali mengi."

Mama mmoja mtu mzima, aliyetoka kijijini Kibakwe na barua ya rufaa ya kumpeleka binti yake hospitali kubwa, alilisikia jina la ugonjwa akasogea.

"Shikamoo mama," walimwamkia kwa pamoja. Adabu wanayo.

"Marahaba wanangu. Binti yangu ana homa na vipele vya maji, na ananyonyesha. Huo ugonjwa unaambukizaje? Mtoto nimtenganishe naye?"

Mvulana alipekua dodoso ukurasa kwa ukurasa, mpaka wa mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mama, humu kuna maswali tu. Majibu hayamo."

Mama akashukuru, akakunja barua yake, akatoka. Msichana akabadilisha kalamu.

Utafiti huo ukikamilika, msomaji, utaambiwa kwamba wanachuo wengi wanaufahamu vizuri ugonjwa huu. Usibishe. Hao wengi mimi niliwaona wote, na walienea kwenye benchi moja.