Siku Niliyomsugua Bibi Harusi kwa Sabuni

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimekwisha kucheka hadi aibu imechoka, na kama unaishi mtaa wa Himbi huenda umesikia watu wakiniita Papa Sabuni, jina nililojitafutia kwa mikono yangu miwili.

Mimi ni mpiga picha. Harusi, ubatizo, komunyo, hapa Goma nani hanijui (au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia). Kwa hiyo Mama Masika, dada mkubwa wa mama yangu kwa baba, mama zao tofauti, alipotaka kujua kilichomo ndani ya kasha aliloachiwa na baba yao, aliniita mimi. Mlikuwa na vioo vilivyofungwa kwa vitambaa. Babu alikuwa mpiga picha wa kijiji huko nyuma ya Butembo, enzi picha zilipopigwa juu ya kioo, na vioo hivyo ni negativu: cheupe huonekana cheusi, cheusi huonekana cheupe. Nikavipiga picha mbele ya mwanga, kompyuta ikavigeuza, na kijiji kizima kikatoka: wanawake wakianika maharagwe, mbuzi mlangoni mwa kanisa, wanaume wakisimika nguzo za nyumba. Nilijiona fundi kweli kweli.

Kimoja nikakiweka cha mwisho. Kilikuwa cha mama mzazi wa Mama Masika siku ya harusi yake. Huyo mama alifariki akimzaa, na Mama Masika, ambaye sasa ana mvi kichwa kizima, hajawahi kumwona uso, maana kwenye kioo alionekana kama mzimu tu. Kila alipokimbia vita aliacha sufuria, akaacha godoro, lakini kasha hakuliacha.

Asubuhi ya siku tuliyopanga kuwaonyesha ndugu na majirani picha hizo nikakitazama tena kile kioo, nikaona gauni ni jeusi tii. Sasa, anayeishi Goma anajua, vumbi la volkeno linaingia hadi kwenye chumvi, na kitu cheusi hapa hatukiulizi maswali, tunakiosha kabla wageni hawajafika. Tena kasha lilikaa miaka mingi darini juu ya jiko la kuni. Nikasema huu ni moshi, gauni la harusi litakuwaje jeusi (na ndimi niliyekuwa nikiwafundisha watu habari za negativu). Nikachukua maji ya moto, sabuni na sponji, nikaanza chini nikipanda, weusi ukawa unatoka vizuri, nami nafurahi. Nilikuwa nimefika kidevuni umeme uliporudi, nikakiacha, nikakipiga picha haraka, nikakimbia kuchaji kompyuta. Umeme wetu nimeutukana miaka yote, lakini siku ile uliokoa uso wa mtu.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Niliwaambia wanakwaya waimbe wimbo wa harusi nitakapogeuza picha mbele ya watu wote, wakaimba, nikabonyeza, na ukutani akasimama bibi harusi mweusi kuanzia shingoni hadi miguuni, kama amevaa nguo ya kilio. Wimbo ukakatika, ila mzee mmoja wa besi aliyekuwa amefumba macho akaendelea peke yake.

Ningenyamaza ingekuwa nafuu. Badala yake nikashika mikrofoni na kueleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba zamani huko kwetu watu walifunga ndoa kwa mavazi meusi. Wazee wa Butembo, ambao wazazi wao walioana hukohuko, wakatazamana.

Mama Masika akasimama. "Fiston, baba aliniambia ile robe ya harusi ilikuwa nyeupe. Ulifanya nini?"

"Nilisafisha na maji ya moto, mama. Na sabuni."

Ule weusi nilioutoa haukuwa moshi, ulikuwa gauni lenyewe, na nilitamani sakafu inimeze. Yeye hakunigombeza, akasogea hadi ukutani, akaniagiza nikuze uso tu. Nikaukuza. Akautazama kwa muda mrefu, akajigusa pua, kisha akagusa ile ya ukutani, na mimi nikaanza kulia mbele ya wateja wangu wote.

"Robe ilikuwa ya kuazima," akasema. "Hii pua ni yangu."

Uso huo sasa uko sebuleni kwake, ndani ya fremu. Vioo vilivyobaki bado navifanyia kazi, tena vizuri, lakini kila nikifika Mama Masika ananiambia nioneshe mikono kwanza, na ikiwa na maji ananirudisha mlangoni nikaikaushe. Naenda bila kubisha. Na gauni jeusi kwenye kioo, kuanzia siku ile, naliacha jeusi.