Hodi Moja Bofu

Utotoni mwangu nilikuwa simtazami mtu wa pwani usoni kabla ya kumtazama miguuni. Hayo nilifundishwa na cucu, mama yake mama, aliyekaa Nyahururu na ambaye bahari hakuwahi kuiona hata siku moja. Siku tuliyofunga safari alinishika sikio akaniambia majini ya Mombasa hujigeuza wanawake wazuri wenye kunukia, ila kwato hawawezi kuzibadilisha. Tena nisile wala nisinywe cha mtu ambaye miguu yake sijaiona. Nilikuwa na miaka kumi, na maneno hayo niliyashika kuliko yote ya darasani.

Tulikuja likizo ya Desemba, mama, mimi na mdogo wangu Maina wa miaka mitano, tukafikia kwa mjomba Changamwe. Asubuhi moja mjomba alipokwenda kazini kwake Kipevu, mama akasema leo hatuna kazi, twende tukatembee Likoni. Tukavuka na feri, tukala mahindi ya kuchoma, mama akavua viatu akatembea mchangani huku akicheka peke yake. Siku ilikuwa nzuri, jamani, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Kwenye duka la leso huko Bofu, mwenye duka, mama mnene ambaye baibui lake lilikuwa likiburuzika chini, alimpa Maina bilauri ya maji ya ukwaju. Bure. Kwetu nani alikuwa akimpa mgeni kitu bure? Na miguu yake sikuiona. Mama alikuwa amezama katika leso, hana habari. Nikamvuta Maina nje, nikaumwaga ule ukwaju mchangani, nikamwambia kwamba angeunywa angegeuka paka. Mtoto wa watu akaniamini. Akaapa hatakunywa chochote mpaka turudi kwa mjomba.

Mama akawa bado anachagua, nasi tukazurura, kichochoro hiki, kichochoro kile, tukiwafuata paka tuone kama wana vivuli. Tulipotaka kurudi hatukujua tulikotokea. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha, jua limesimama utosini, na mtaa mzima umefunga milango. Maina akasema kichwa kinamuuma. Kisha akatapika, akakaa chini, midomo imemkauka, kila nikimuuliza jambo hanijibu. Wallahi sijaogopa vile tena maishani. Aliyemnyima maji ni mimi.

Nikamkokota hadi mlango wa karibu, nikapiga hodi. Mara moja. Nikasikia ndara zikija hadi nyuma ya mlango, zikasimama. Hakuna karibu, hakuna nani. Harufu ya udi ikanijia puani, nikasema basi, ndiye jini, maana binadamu angeitikia. Sikuthubutu kupiga tena, na kukimbia nisingeweza, Maina ameniegemea. Tukabaki hivyo, mimi nje, yeye ndani, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake.

Maina akalegea, akaanguka. Hapo nilisahau majini yote ya dunia. Nikaugonga mlango kwa ngumi nikimwita mama, mama, mama.

Ukafunguka papo hapo. Alikuwa bibi mwembamba, leso moja kifuani, nyingine kichwani. Nikatazama chini: nyayo nyeusi, kucha nyeusi. Lakini yeye naye hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa ameinama, anaitazama miguu yangu, kisha ya Maina.

"Watizama nini?" akaniuliza.

Hata uongo ulinishinda. "Kwato."

"Nami natizama zenu," akasema. "Jua la utosi, hodi moja, kisha kimya. Hapa kwetu hodi ni tatu, mwanangu. Apigaye moja akanyamaza, hafunguliwi."

Akambeba Maina ndani, akamlaza kwenye mkeka, akamfunika leso mbichi kifuani. Ule weusi ulikuwa hina na piko. Majuzi alikuwa amemwoza mjukuu wake. Akakoroga maji, sukari, chumvi kidogo na ndimu. Maina akafumbua macho, akaiona bilauri, akafumba mdomo. Bibi akambembeleza, wapi. Maina alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwapisha.

Basi nikaichukua bilauri nikanywa. Mafunda mawili. Nikangoja nigeuke, kwa kweli nikangoja, hata mkono nikautazama kama unaota manyoya. Maina naye akanitazama mpaka akaridhika. Ndipo akanywa, akamaliza, akaomba nyingine.

Bibi alitushika mikono akatupeleka hadi duka la leso, ambako mama alikuwa analia mbele ya watu. Akampa na chupa ya yale maji, ya njiani. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka nikaona haya. Kwenye feri akaifungua, akaimwaga baharini yote. Akasema hatuwajui watu hawa. Maina alinitazama akingoja niseme neno. Sikusema. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: nilikuwa nimekunywa, najua, na nikanyamaza.

Nimeolewa Magogoni, huku huku Mombasa, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nilikwenda Bofu kumtafuta yule bibi, nikakuta ghorofa na mlinzi asiyejua kitu. Mama yangu akija likizo hunywa ukwaju wangu bila kuuliza, lakini wa majirani huuacha mezani, nami siku hizi humwambia wazi kwamba si vizuri.

Wifi zangu hunikemea kwa sababu ya mlango. Huniambia ningoje hodi ya tatu, hasa mchana wa jua kali. Mimi hufungua kwa ya kwanza, mara nyingine nikiwa na unga mikononi. Miguu, nakiri, bado naitazama. Lakini huitazama nikiwa nimeshafungua.